Maumivu Yasiyojulikana Sababu Yake: Mkristu Afanye Nini?

Masomo: Injili ya Yoane, sura ya 9, Kitabu cha Yobu, sura ya 2 na sura ya 42.

Wakatekumeni wapenzi,

Mmekwisha kujifunza kwamba Mungu ni Baba yetu, na kwamba wema wake hauna mwisho. Fundisho hilo ni jepesi kulitamka chini ya mwembe wakati wa jioni, watu wakiwa wameshiba na watoto wakicheza. Lakini upo usiku mwingine. Mtoto anajikunja mkekani, ameshika tumbo, analia mpaka sauti inakauka. Mganga wa hospitali amempima, naye anasema: Sijaona sababu. Hapo ndipo fundisho lile linapopimwa, na hapo ndipo wengi waliokwisha kuandikwa katika daftari la ubatizo hurudi nyuma. Basi leo tuseme habari ya usiku huo.

*Mtoto wa darasa la tatu*

Katika darasa langu alikuwamo mvulana mmoja mwenye ugonjwa wa damu ambao waganga huuita drepanositozi, na ambao watu wengi kwetu huuita SS tu. Tangu utoto wake mifupa ilimwuma mara kwa mara, macho yakawa ya manjano, akalazwa hospitali siku nyingi kuliko wenzake. Ugonjwa huo tuliuzoea, tukaujua kwa jina.

Siku moja katika Kwaresima likaja jambo jingine. Tumbo lilimshika wakati wa hesabu. Nakiri mbele yenu kwamba nilidhani anakwepa kazi, nikamwambia akae wima. Baada ya muda kidogo alianguka chini ya deski. Tulimpeleka kwenye dispensari ya Masista, na toka huko mpaka hospitali. Waganga walimpapasa tumbo, walipima damu na mkojo, walitafuta malaria na minyoo, walimpiga picha. Mwisho mganga alimwambia mama yake kwa upole: "Pengine ni ile damu yake, pengine ni kitu kingine. Leo sijui. Tutampa dawa ya maumivu, tutampa maji kwa njia ya mshipa, tutamwangalia usiku na mchana."

Neno lile "sijui" lilifika kijijini kabla ya jua kuchwa. Wajomba wa mtoto wakakutana. Walisema: Ugonjwa ambao wazungu na waganga hawauoni ni ugonjwa wa mtu. Wakamtaja nyanya wa mtoto, mama mzazi wa baba yake, mjane asiye na mtetezi. Walitaka mtoto atolewe hospitali apelekwe kwa mfumu, apige ramli, amtaje mwenye kosa waziwazi.

Mama wa mtoto alikuwa mkatekumeni wa mwaka wa pili. Usiku ule alinikuta nje ya chumba cha wagonjwa, akaniuliza: "Mwalimu, kwa nini mtoto wangu?" Nami, kwa kuona haya kwamba sina jibu, nilimjibu upesi: "Mama, Mungu ndiye amemleta msalaba huu ili awapime imani."

Alinyamaza kitambo. Kisha akasema: "Wajomba wanasema ni nyanya yake. Wewe unasema ni Mungu. Nani basi aliye upande wa mtoto wangu?"

Wapenzi, nimefundisha katekisimu miaka kadhaa, wala sijaulizwa swali zito kama hilo.

*Rafiki za Yobu*

Someni Kitabu cha Yobu. Mtu huyo alipoteza mali na watoto, akapata madonda toka wayo mpaka utosi. Rafiki zake watatu walikuja kumtembelea. Siku saba mchana na usiku waliketi naye chini wasiseme neno, kwa maana waliona uchungu wake ni mkubwa mno. Hayo waliyafanya vizuri. Ubaya ulianza walipofungua vinywa. Kila mmoja alitaka kuonyesha sababu: lazima umekosa, lazima umeficha dhambi, Mungu hapigi bure. Na mwisho wa kitabu Mungu aliwakasirikia hao waliojidai kumtetea, akasema kwamba hawakunena sawa juu yake. Akamwamuru Yobu awaombee.

Mimi nilikuwa rafiki wa nne. Nilimpa mama yule sababu nisiyoijua. Wajomba walifanya vilevile. Sisi sote hatukuvumilia kuketi kimya mbele ya jambo lisilo na jibu. Tukatafuta wa kumtwika. Wao walimtwika mwanamke mzee, mimi nilimtwika Mungu.

Tazameni sasa Bwana wetu Yezu Kristu alivyofanya. Wanafunzi walipomwona mtu aliyezaliwa kipofu, waliuliza palepale kama kosa ni lake au la wazazi wake. Kwa fikira zao lazima awepo mwenye kosa. Bwana alikataa maneno hayo yote mawili: hakumhukumu kipofu, wala hakuwahukumu baba na mama. Aliwaambia kwamba kazi za Mungu zitaonekana katika mtu huyo. Kisha akainama, akafanya tope, akampaka machoni, akamtuma kwenda kunawa. Wanafunzi walimtazama kipofu kama fumbo la kufumbua. Bwana alimtazama kama mtu wa kusaidiwa.

*Mambo ambayo waganga wameyajua*

Msidhani nawafundisha kudharau maarifa. Sababu nyingine zajulikana, na Mkristu apaswa kuzijua. Yoshua bin Sira, katika sura ya 38, hutuagiza kumheshimu mganga, kwa maana naye ameumbwa na Mungu, na dawa Mungu ndiye aliyezitoa katika ardhi.

Ugonjwa wa SS hautoki kwa mchawi. Hutoka katika mbegu ya uzazi. Mtu aliyepokea mbegu hiyo kwa mzazi mmoja tu huitwa AS. Kwa kawaida haugui, wala hajui kwamba anayo. Lakini baba AS akioa mama AS, katika kila mimba kuna bahati moja katika nne kwamba mtoto atapokea mbegu mbili, awe SS. Tambueni hapo: baba ametoa sehemu yake, mama ametoa yake, sawasawa, wala hakuna aliyejua. Mwanaume anayemfukuza mke wake kwa ajili ya mtoto SS anafanya uongo na udhalimu, maana nusu ya mbegu ni yake mwenyewe.

Chembe nyekundu za damu ya mtu mzima ni za mviringo, laini, hupita kila mahali. Za mtu SS hupindika kama mundu, huwa ngumu, hukwama katika mishipa myembamba. Mahali damu isipopita, pale panauma: mifupani, kifuani, hata tumboni.

Tena sikieni jambo hili. Mwaka 1910, James Herrick, mganga wa Chicago katika Marekani, aliandika habari ya damu ya kijana mmoja aliyetoka kisiwa cha Grenada. Aliona katika damu yake chembe zenye umbo la mundu. Ndiyo mara ya kwanza waganga wa huko kuziandika habari zake. Mwaka 1949 Linus Pauling na wenzake walionyesha kwamba kosa lipo katika kile kitu chekundu kinachochukua hewa ndani ya damu. Je, kabla ya mwaka 1910 ugonjwa huu haukuwapo kwetu Afrika? Ulikuwapo. Watoto walilia usiku, wakafa. Sababu ilikuwapo katika damu yao, ila hakuna aliyeijua. Na kwa kuwa haikujulikana, wakalaumiwa watu wasio na kosa. Basi mganga akikuambia "sijui", kumbuka hilo. Maana ya neno lake ni kwamba hajaona bado. Hajasema kwamba kuna mchawi.

Maarifa yanaendelea hata leo. Mwaka 2019 yalitangazwa matokeo ya uchunguzi uliofanywa kwa watoto SS wa Kinshasa, wa Angola, wa Uganda na wa Kenya. Dawa iitwayo hidroksiurea, ikinywewa kila siku chini ya uangalizi wa mganga, ilipunguza maumivu yao na vifo pia. Umoja wa Mataifa umeiweka tarehe 19 Juni ya kila mwaka kuwa siku ya kuufahamisha ulimwengu ugonjwa huu.

*Yasiyojulikana bado*

Hata hivyo lipo jambo gumu. Mtu mwenye ugonjwa wa siku zote anaweza kupata ugonjwa mwingine juu ya ule. Tumbo la mtoto SS laweza kuuma kwa damu iliyokwama. Laweza kuuma kwa vijiwe katika nyongo, kwa wengu uliovimba, kwa homa ya matumbo, kwa kidole-tumbo kilichooza, kwa minyoo, kama tumbo la mtu mwingine ye yote. Na mara nyingine waganga hutafuta yote hayo wasione kitu, na maumivu yapo.

Hapo hatari ni mbili. Ya kwanza ni kusema: "Ni ugonjwa wake wa kila siku, utapita," na kumbe ndani kuna jambo la kuua. Ya pili ni kusema: "Hospitali hawakuona kitu, basi mtoto anadanganya," au, "basi amerogwa." Maumivu yasiyoonekana katika picha ni maumivu kweli. Anayeyajua ni yule anayeyasikia.

Kwa hiyo shikeni maagizo haya:

1. Mpelekeni mgonjwa hospitali mapema. Tumbo likiwa gumu kama ubao, au akitapika bila kukoma, au akiwa na homa kali, au viganja na midomo ikipauka ghafula, au mahali pa kushoto chini ya mbavu pakivimba, au akishindwa kupumua vizuri, msingoje asubuhi. Katika mtoto mdogo mwenye SS damu yaweza kujikusanya ndani ya wengu, naye akafa kwa muda wa saa chache.

2. Mwambieni mganga yote: kwamba ni SS, dawa anazokunywa, hata dawa za miti mlizompa kwa siri. Aibu isiue mtoto.

3. Msimpige bomba la dawa kwa nyuma, msimchanje tumbo kwa wembe, msimchome kwa chuma cha moto. Mambo hayo yamekwisha kutoboa matumbo na kuoza damu za wengi. Mfunikeni asishikwe na baridi. Na asipotapika, wala mganga hakukataza, anywe maji mara kwa mara.

4. Katika daftari andikeni siku na saa maumivu yalipoanza, mahali palipouma, alichokula, dawa iliyomtuliza. Jambo ambalo mganga hakuliona leo, pengine atalitambua baada ya kusoma kurasa hizo.

5. Msadikini. Waalimu nao wamsadiki. Nami najisemea mwenyewe kwanza.

6. Msimwache peke yake.

*Habari ya mfumu*

Mtaniuliza: Mwalimu, kama hospitali imeshindwa, kuna ubaya gani kuuliza kwa mfumu? Nawajibu. Siku ya ubatizo wenu mtaulizwa kama mnamkataa Shetani na kazi zake, nanyi mtajibu mbele ya kanisa zima. Ramli ni katika kazi hizo. Mfumu hakuuzii dawa tu. Anakuuzia jina la mtu. Ukirudi nyumbani na jina hilo, maumivu ya mtoto hayakupungua hata kidogo, lakini umeongeza ugonjwa mwingine kijijini: mwanamke mzee anafukuzwa, ndugu hawali pamoja, na mtoto mgonjwa anajua kwamba ni kwa ajili yake. Hayo ni kuvunja amri ya nane, kumshuhudia jirani uongo. Na mara nyingi huishia kuvunja amri ya tano.

Mkumbukeni Mwenye heri Isidori Bakanja, mlei wa nchi yetu ya Kongo, aliyebatizwa mwaka 1906. Mwaka 1909 mzungu mmoja, mkubwa wa shamba alipofanya kazi, alimpiga viboko vikali mno kwa sababu alivaa skapulari ya Bikira Maria na kusali. Madonda yake yalioza, akateswa kwa muda wa miezi mingi, mpaka alipofariki mwezi Agosti mwaka huohuo. Alimsamehe aliyempiga, akaahidi kumwombea atakapofika mbinguni. Tarehe 24 Aprili 1994, Baba Mtakatifu Yoane Paulo wa Pili alimtangaza Mwenye heri. Pimeni jambo hili. Bakanja alimjua kabisa aliyemwumiza, aliona uso wake, wala hakumchukia. Sisi hatumjui ye yote aliyetuumiza, na tayari tunatafuta wa kumchukia!

*Neno kwa wagonjwa wenyewe*

Nanyi ndugu mnaougua siku zote, mnaojua kwamba kesho maumivu yaweza kurudi, nawaambia kwa heshima, maana ninyi mwafahamu mambo nisiyoyafahamu. Kulia si dhambi. Kumwuliza Mungu "kwa nini" si dhambi. Mwanawe mwenyewe, katika bustani ya mizeituni, aliomba kikombe kile kiondolewe; na juu ya msalaba alimwuliza Baba yake kwa sauti kuu mbona amemwacha. Injili haisimulii kwamba alipewa maelezo. Lakini siku ya tatu alifufuka. Baba hakuwa amemwacha.

Yule mama wa Injili ya Marko, sura ya 5, aliugua kutoka damu miaka kumi na miwili, akamaliza mali yake kwa waganga wengi, asipate nafuu. Bwana hakumwuliza amefanya dhambi gani. Alimtafuta katika umati, akamwita binti yake. Wengine kati yenu mtapona. Wengine mtabeba ugonjwa mpaka mwisho, kama Mtume Paulo aliyeomba mara tatu mwiba wake uondolewe, usiondolewe. Lakini jina lile la "binti" au "mwana" hakuna ugonjwa uwezao kuliondoa. Ndilo mnalolipokea katika ubatizo.

Na maumivu yakiwa makali hata sala inapotea, msihangaike. Sema jina la Yezu tu. Ukishindwa hata hilo, wengine wakusalie. Ndiyo kazi ya Kanisa. Waliobatizwa wamwite padri kwa Mpako Mtakatifu wa wagonjwa, wasingoje saa ya kufa. Mkatekumeni aliye katika hatari ya kufa, naye anataka ubatizo, padri aitwe upesi. Na kama padri hapatikani, mtu ye yote aweza kumbatiza kwa maji, kama Kanisa linavyofundisha.

*Mwisho wa habari*

Mwataka kujua mambo ya mtoto yule. Mama yake hakumtoa hospitali. Aliwaambia kaka zake mbele yangu: "Mimi nimejiandikisha kwa Mungu, siwezi kurudi kwa mfumu na miguu ileile." Kisha akamtuma mtu kumwita nyanya wa mtoto, yule waliyemshtaki, aje aketi kando ya kitanda. Mama mzee alikuja kwa woga, akaleta maji ya moto na kitambaa, akamkanda mjukuu mikono na mgongo usiku kucha. Mimi nilishika beseni alipotapika. Usiku ule sikufundisha neno lo lote.

Siku ya nne maumivu yalitulia. Sababu haikujulikana. Tangu siku ile yamerudi mara mbili, na kila mara wamempeleka hospitali, na kila mara nyanya yake alikuwapo. Mama alibatizwa Pasaka iliyofuata.

Aliniuliza nani aliye upande wa mtoto wake. Jibu nililikuta kesho yake asubuhi, nilipoangalia chumbani: mganga aliyekosa usingizi, Sista mwenye dawa, mama, na mwanamke mzee aliyeshtakiwa bure ameshika mkono wa mtoto. Mungu alikuwa upande wa mtoto, naye alitumia mikono yao. Mikono yenu anaihitaji vilevile.

*Tusali*

Ee Bwana Yezu, wewe uliyebeba maumivu yetu, uwatazame wote wanaoteseka usiku huu, nasi hatujui sababu. Uwape waganga maarifa, uwape wanaouguza nguvu. Ulinde vinywa vyetu tusimsingizie mtu, wala tusikusingizie wewe. Utufundishe kuketi karibu na mgonjwa, kama Mama yako alivyosimama karibu na msalaba wako. Amina.

*Maswali ya kujifunza*

Je, ugonjwa ni alama kwamba mgonjwa au wazazi wake wametenda dhambi? — Hapana. Bwana wetu alilikataa wazo hilo alipomponya mtu aliyezaliwa kipofu.

Mganga asipoona sababu ya maumivu, Mkristu afanye nini? — Ayasadiki maumivu ya mgonjwa, afuate maagizo ya hospitali, amrudishe upesi akizidi, akae naye na kusali.

Kwa nini tusiende kwa mfumu kutafuta aliyeroga? — Kwa sababu ramli ni katika kazi tunazozikataa siku ya ubatizo, tena humshuhudia jirani uongo na kuvunja upendo.

Mtoto SS ni kosa la nani? — Si kosa la mtu ye yote. Amepokea mbegu ya ugonjwa kwa baba na kwa mama, nao hawakujua.